Kometi haiungui, na mkia wake si moshi

Juzi nimetumiwa tena ile picha. Kometi imeshalizunguka Jua, inarudi zake gizani, na mkia umeitangulia. Chini yake mtu ameandika kwa kujiamini: "Picha imegeuzwa hii. Moshi haumtangulii anayeungua." Watu kibao wamemshangilia, kisha mmoja akanichomeka jina langu: Profesa, hii si ndiyo kazi yako? Hebu sema kitu.

Haya, nasema. Naandika hapa ili safari ijayo nitume kiungo tu nirudi kwenye shughuli zangu.

Picha haijageuzwa. Moshi haupo, kwa kuwa hakuna kinachoungua. Huko iliko hakuna hewa ya kuunguzia chochote. Barafu ya kometi iliyo mbali na Jua kadiri Dunia ilivyo mbali nalo huwa na kelvini 200 hivi, yaani nyuzi zaidi ya 70 chini ya sifuri. Ndio huo moto wenu. Haiyeyuki hata kuwa maji: inatoka kwenye barafu inakuwa mvuke moja kwa moja, inabeba vumbi, inaondoka. Nimesema barafu. Ganda la vumbi lililoifunika ni habari nyingine. Chombo cha Vega 1 kilipopita jirani na kometi ya Halley mwaka 1986 kilipima uso wenye zaidi ya kelvini 300. Kwa hiyo juu kuna joto la mchana wa kawaida, na chini kidogo tu kuna baridi ya kutisha. Kinachozitenganisha ni vumbi la unene usiojulikana vizuri. Hilo liwekeni pembeni, tutalirudia, maana ndilo linalonikosesha usingizi.

Na tafadhali, si kimondo. Kimondo ni kile kijiwe kinachopenya hewa yetu kikawaka sekunde mbili tatu kikaisha. Hicho ndicho kinachowaka kweli, basi mwacheni na moto wake. Kometi hukaa angani majuma, hata miezi, na ukiitazama kwa macho huoni ikisogea. Naamini nusu ya mkanganyiko huu umeletwa na sisi wenyewe tuliovipa vitu viwili jina moja.

Kuhusu mkia nitakwenda haraka. Peter Apian aliifuatilia kometi ya mwaka 1531, ambayo ndiyo Halley yenyewe, akaona kila siku mkia umeligeuzia Jua mgongo. Kwa hiyo tunazungumzia jambo lililoandikwa karibu miaka mia tano iliyopita, si siri ya maabara. Mikia kwa kawaida ni miwili. Ule wa ioni, yaani chembe za gesi zenye chaji ya umeme, umenyooka, unasukumwa na upepo wa Jua. Kwa kuutazama huo, Ludwig Biermann alihitimisha mwaka 1951 kwamba Jua hupuliza chembe muda wote, kabla chombo chochote hakijaenda kupima. Wa pili ni wa vumbi, umepinda, unasukumwa na mwanga wenyewe. Bendera hufuata upepo, hata mbebaji akiwa anatembea kinyume. Kometi ikilikimbilia Jua mkia unakuwa nyuma, ikilikimbia mkia unakuwa mbele.

Nikiri kwamba yule bwana wa moshi ana chembe ya haki. Punje kubwa za vumbi hazisukumiki kirahisi, zinabaki kwenye obiti ya mama yao, yaani njia yake ya kulizunguka Jua, na Dunia ikizipitia tunapata manyunyu ya vimondo. Hivyo kweli kuna kitu kinachobaki njiani. Ila si kile anachokiona kwenye picha.

Wengi huishia hapo wakapeana mikono. Hasira zangu ndipo zinapoanzia, kwa sababu kuna kosa la pili, la waliosoma. Hao wanajua mkia. Wanakuambia: kiini chenyewe, lile bonge la katikati ya kometi, kinakwenda kwa mvutano wa Jua na sayari tu, Newton alishamaliza, weka namba kwenye kompyuta utajua kometi itakuwa wapi mwaka wowote. Nimelisikia hili kwenye semina, kutoka kwa watu wenye shahada zao.

Newton hakumaliza. Mwaka 1819 Johann Encke alionyesha kwamba kometi iliyoonekana mwaka 1786, 1795, 1805 na 1818 ni moja, inayolizunguka Jua kwa miaka 3.3. Akaona pia kwamba kila mzunguko inawahi. Hesabu ikisema saa fulani, yenyewe imeshafika kama saa mbili na nusu kabla. Encke akafikiri kuna kitu chepesi kimejaa angani kinachoikwaza. Msishangae kwamba kukwazwa kunawahisha: ukikipunguzia kasi kitu kilicho kwenye obiti kinashuka karibu na Jua, obiti inakuwa fupi, mzunguko unaisha mapema. Lakini njoo kwa Halley. Hiyo inachelewa, kama siku nne kila inaporudi. Kitu kimoja kilichojaa angani hakiwezi kumwahisha huyu kikamchelewesha yule.

Friedrich Bessel aliyaona maruko ya gesi kwenye Halley mwaka 1835, na mwaka uliofuata akasema kinachosukuma ni yale. Hakusikilizwa sana. Ilibidi tusubiri mpaka 1950, Fred Whipple alipoeleza kwamba kiini ni bonge la barafu na vumbi linalojizungusha. Gesi inatoka upande ulioota Jua, kiini kinasukumwa upande wa pili. Ni roketi, tena roketi mbovu: msukumo wake ni sehemu chache tu kwa milioni ukilinganisha na mvutano wa Jua. Ila unatosha, kwa sababu unajirudia.

Sasa tulieni hapa, maana hapa ndipo watu hunipotosha hata wanaponiunga mkono. Msukumo unaoelekea moja kwa moja mbali na Jua hauleti mabadiliko makubwa ya muda. Kometi ikija unaipunguzia, ikienda unairudishia, na mwishowe karibu wanalipana. Kinachobadili muda ni ule msukumo wa ubavuni, kwenye mwelekeo wa safari. Kwenye hesabu zetu tunauita A2, na ndio uliokula ujana wangu.

Ubavuni unatoka wapi? Fikirini mchana wa kometi. Adhuhuri Jua liko utosini. Lakini joto halifiki kwenye barafu papo hapo, linachelewa, kwa hiyo gesi nyingi zaidi inatoka alasiri. Kiini kikijizungusha upande uleule kinaolizunguka Jua, uso wa alasiri unatazama nyuma. Gesi inaruka nyuma, kiini kinasukumwa mbele. Na kusukumwa mbele ndiko kunakochelewesha, kwa sababu obiti inatanuka. Hiyo ndiyo Halley. Kikijizungusha kinyume, alasiri inatazama mbele, gesi inakuwa breki, obiti inasinyaa, kometi inawahi. Hiyo ndiyo kometi ya Encke. Mwanafunzi anayeniambia "imesukumwa mbele kwa hiyo imewahi" namrudisha akakae.

Swali linalofuata ni la kitoto na ndilo gumu: joto linachelewa kwa nini, na kwa kiasi gani? Hapo tunatoka angani tunaingia ndani ya fuwele, yaani kitu kigumu ambacho atomi zake zimejipanga kwa mpangilio. Watu hunicheka kwamba mtu wa kometi ana ofisi kwenye korido ya watu wa fizikia ya yabisi, yaani vitu vigumu. Ningekaa wapi?

Mwaka uleule wa 1819 ambao Encke alikuwa anahangaika na obiti yake, Dulong na Petit walitangaza kwamba atomi za vitu vigumu, za aina yoyote, hubeba kiasi kilekile cha joto. Ni kanuni nzuri mpaka upoze kitu, ukikipoza inavunjika. Albert Einstein mwaka 1907 na Peter Debye mwaka 1912 wakaeleza sababu. Atomi kwenye fuwele hazijatulia. Zimefungamana kwenye kimia, kila moja na majirani zake, na ukiitikisa moja umewatikisa wote. Mtetemo unasafiri kama wimbi, na wimbi hilo halikubali nishati ya kiasi chochote tu bali kwa vipimo maalumu. Kipimo kimoja cha mtetemo tunakiita fononi. Kwenye baridi kali mitetemo mingi haina hata nishati ya kuanzia, ndiyo maana kitu kinabeba joto kidogo. Na hata kwenye sifuri kamili hazitulii, mtetemo wa mwisho hauondoki. Tuachane na hilo, si la leo.

Joto ndani ya barafu ni fononi zinazosafiri. Hakuna kingine cha kulibeba, barafu haina elektroni huru kama chuma. Na hapa pana jambo ambalo nililikataa nilipofundishwa mara ya kwanza: kama vifungo vya atomi vingekuwa springi kamilifu, mawimbi haya yangepishana bila kugusana, na fuwele safi isiyo na mwisho ingepitisha joto bila kikwazo chochote. Joto linakwazwa kwa sababu springi zina kasoro. Ukiivuta haijibu sawa na ukiibana, kwa hiyo mawimbi yanagongana, yanagawana, na mengine yanageuzwa yanarudi yalikotoka, kama Rudolf Peierls alivyoonyesha mwaka 1929. Ukinzani wote wa joto kwenye fuwele safi umesimama juu ya kasoro hiyo.

Matokeo yake yanawakera watu: barafu ikizidi baridi, inapitisha joto vizuri zaidi. Fononi zinakuwa chache, zinagongana mara chache, zinakwenda mbali. Karibu na kuyeyuka barafu ya fuwele ina upitishaji wa wati 2 na kidogo kwa mita kwa kelvini. Kwenye kelvini 100 inakaribia 6. Kanuni tunayoitumia ni 567 gawa kwa halijoto, nayo ilitiwa kwenye hesabu za kometi na Jürgen Klinger mwaka 1980. Yeye ndiye aliyetuamsha kwamba aina ya barafu ina maana. Barafu iliyoganda kwenye baridi ya chini ya kelvini 130 hivi haina mpangilio, ni amofasi. Molekuli zimekaa shaghalabaghala, hakuna kimia cha kubeba wimbi mbali, na fononi inakufa hatua chache tu kutoka ilikozaliwa. Upitishaji unaanguka. Unaanguka kiasi gani? Maabara tofauti zimetoa namba zinazopishana vibaya, na sisi wenye programu tunachagua inayotufaa. Nimeyasema haya hadharani, na nilinuniwa.

Na hata hiyo si shida kubwa. Shida kubwa ni kwamba kiini si bonge moja. Chombo cha Rosetta kilifika kwenye kometi 67P mwezi Agosti 2014, kikakuta uzito wa kilo 530 hivi kwa mita ya ujazo, kama nusu ya maji. Sehemu kubwa ya ndani ni uwazi mtupu. Fononi ikifika ukingoni mwa chembe inapaswa kuvuka mahali padogo mno chembe mbili zinapogusana, na nyingi hazivuki. Kipimo tunachotumia, ukaidi wa joto, yaani jinsi kitu kinavyogoma kubadili halijoto yake, kwa barafu ya bonge ni kama 2000 kwa vipimo vya kimataifa. Vifaa vya Rosetta vilikuta 10 hadi 50. Someni tena namba hizo.

Niwaonyeshe lilivyo kwa macho. Tulichanganya barafu ya unga na vumbi jeusi, tukaiweka kwenye chungu ndani ya ombwe, kuta zimepozwa kwa nitrojeni kimiminika, tukawasha taa kubwa juu yake. Kipimajoto cha juu kilipanda kabla sijatoa mkono kwenye swichi. Cha sentimita tatu chini hakikusogea. Dakika kumi, nusu saa, saa nzima. Nikasema waya umekatika, nikaanza kulaumu aliyeufunga, nikakaribia kabisa kufungua chungu na kuharibu kazi ya wiki nzima. Baada ya saa mbili na kitu mstari ukaanza kuinuka, pole pole. Waya ulikuwa mzima. Aliyeufunga nilimwomba radhi. Na juu ya barafu palikuwa pameshajitengeneza ganda jeusi kavu, jepesi, ambalo ukiligusa kwa sindano linavunjika bila sauti.

Sasa lile ninalotakiwa kukiri. Siku moja ya 67P ilikuwa saa 12.4. Kwa ukaidi wa joto uliopimwa, wimbi la joto la siku moja linazama sentimita moja au mbili tu. Kwa barafu ya bonge lingezama zaidi ya sentimita 15. Kama barafu inayofukiza iko juu kabisa, basi haina sababu ya kuchelewa, na gesi nyingi inapaswa kutoka karibu na adhuhuri. Ile hadithi tamu ya alasiri niliyowapa hapo juu, na ambayo nimeifundisha miaka mingi, inabaki na mguu mmoja. Unaweza kuiokoa kwa kusema barafu imejificha chini ya ganda: kila kina kinacholingana na lile zamio la joto kinaongeza ucheleweshaji wa takriban saa mbili kwenye 67P. Ila ukilifunika sana, gesi nayo inapungua. Unaokoa huku unaharibu kule.

Au labda A2 haitokani na alasiri kabisa. Kanuni ya Brian Marsden na wenzake ya mwaka 1973, ambayo wote tunaitumia kukokotoa msukumo wa gesi, inachukulia kwamba gesi inatoka sawa kabla na baada ya kometi kufika karibu zaidi na Jua. Kometi nyingi hazifanyi hivyo. Zinaamka zikiwa zimechelewa, au zinachoka mapema. Donald Yeomans na Paul Chodas walionyesha mwaka 1989 kwamba ukiruhusu tofauti hiyo, hata ule msukumo wa kwenda mbali na Jua, niliosema unajilipa, hauji kujilipa tena. Unabadili muda wenyewe. Kwa hiyo namba moja ninayoipata kutoka kwenye obiti imechanganya ukaidi wa joto, mwelekeo wa mhimili, majira, na umbo la kiini, na 67P lina umbo la vitu viwili vilivyogandana shingoni. Mtu akiniletea A2 akaniambia ameshajua kometi inajizungusha upande gani, namwuliza ameyajuaje mengine yote. Miaka kumi na kitu iliyopita mtu huyo alikuwa mimi, na makala yangu ipo, imechapishwa.

Gesi hizo hazibadili obiti tu, zinabadili pia kujizungusha. 67P ilipopita karibu na Jua mwaka 2015 siku yake ilifupika kwa kama dakika ishirini. Kometi 41P ilikuwa ikijizungusha kwa saa 20 hivi mwezi Machi 2017, na kufikia Mei ilikuwa imevuka saa 46. Kitu kama hicho unakiwekeaje alasiri ya kudumu?

Mtaniuliza pia 'Oumuamua, kile kitu kilichotupitia kutoka nje ya mfumo wa Jua, maana huwa mnaniuliza. Ndiyo, ilionekana ikisukumwa bila mkia unaoonekana, na ndiyo, nilisikia habari za mitambo ya wageni. Mwaka 2023 Jennifer Bergner na Darryl Seligman walipendekeza kwamba ni hidrojeni iliyonaswa ndani ya barafu isiyo na mpangilio, ikaachiwa molekuli zilipojipanga upya kwa joto. Nalipenda wazo hilo pengine kupita kiasi, kwa kuwa linamfanya mtu wa kimia aonekane wa maana. Msiniamini sana hapo.

Kinachonisumbua kweli ni Encke. Zile saa mbili na nusu za kuwahi hazipo tena. Zilipungua katika karne ya 19 na kuendelea, na katika karne ya 20 zikawa kidogo sana, kometi ileile, obiti karibu ileile. Whipple na Zdenek Sekanina walieleza mwaka 1979 kwamba mhimili wake umekuwa ukiyumba kama wa pia ya watoto inayochoka, kwa hiyo msukumo unaelekea kwingine. Hesabu yao inakaa vizuri. Mimi nashuku kwamba ganda nalo limenenepa, kila mzunguko likiacha vumbi kidogo zaidi juu ya barafu na fononi zikizidi kukosa pa kuvukia. Nimejaribu kutenganisha hayo mawili kwa vipimo vya obiti peke yake mara tatu, na mara zote tatu kompyuta imenipa majibu mawili yanayofaa sawasawa.